Ndugu wa Fundi Kufuli

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mama Pacha, mgeni wake alimpa mto wa pili. Wiki ilipopinduka akamhamishia na feni ya chumbani, na mumewe alipouliza wao watalala vipi na joto lile, akajibiwa kwamba watoto wa tumbo moja hawanyimani upepo.

Wa kumlaumu hayupo. Mwanamke huyu alikuwa na kidonda chake tangu siku ya harusi, pale viti vya upande wa bwana harusi vilipobaki vitupu mpaka ikabidi wajomba zake mwenyewe wahamishwe wakavijaze, na shangazi mmoja asiye na breki mdomoni akauliza kwa sauti kama huyu bwana aliokotwa au alinunuliwa. Fundi alisema ni yatima, hana baba, hana mama, hana hata binamu wa kusingizia. Aliaminiwa, maana alikuwa mpole, hanywi, na mikono yake ilikuwa na kazi: fundi kufuli mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, anayechonga funguo za mtaa mzima. Lakini bombani, wanawake wakikosana juu ya foleni ya ndoo, neno la kwanza kurushiwa Mama Pacha lilikuwa lile lile: wewe uliyeolewa na mtu asiye na kwao.

Basi siku mwanamume mmoja mwenye shati lililonyooka kwa pasi aliposimama mlangoni na mkoba mdogo, akasema, "Hapa ndipo kwa Fundi? Mimi kaka yake, baba mmoja mama mmoja," Mama Pacha hakuuliza hata swali moja. Alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Akampokea mkoba, akamkalisha kwenye kiti cha mumewe, akawaita binti zake wawili waje wamwone baba yao mkubwa.

Fundi aliporudi jioni alimkuta mgeni amempakata pacha mmoja huku, mwingine huku. Akasimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mdogo wangu!" mgeni alisema bila kuinuka. "Ndiyo hata kumkumbatia kaka yako huwezi?"

Fundi akamkumbatia. Mama Pacha alimwona mumewe amefumba macho begani mwa yule mtu, akajifuta machozi kwa upindo wa nguo. Alidhani ni furaha.

Shemeji alikuwa na ulimi wa asali. Alisifu kila chakula mpaka mpishi akaona haya. Aliwafundisha pacha mchezo wa kuficha kokoto chini ya vikombe, na kila mara kokoto ilikuwa chini ya kikombe kingine, si kile walichokionyesha, na walicheka hadi wakapaliwa. Ila kiti hakukiachia tena. Fundi alianza kula mkekani pamoja na watoto. Wembe wa Fundi ukawa wa watu wawili, kisha ukawa wa mtu mmoja, na Fundi akafuga ndevu.

"Mdogo wangu, hebu kimbia uniletee sigara," Shemeji alikuwa akisema mbele ya wapangaji wengine, na mwanamume mzima, baba wa watoto, anainuka na kukimbia kweli.

Mama Pacha aliona ni adabu. Mdogo humtii mkubwa, naye alifurahi kwamba mumewe kumbe alilelewa na watu. Siku moja alimkuta nyuma ya choo anatapika, akaambiwa ni maharage, akayaacha maharage wiki nzima.

Yeye mwenyewe alikuwa akifagia na kupanga rafu kwenye duka la dawa la mjane mmoja aliyeitwa na wote Mama Dawa. Haikuwa kazi ya kutamba nayo, lakini pacha walipougua mapafu, wakiwa bado wachanga, mjane huyu ndiye aliyekesha nao, na dawa alizotoa hakuziulizia tena. Mama Pacha alimpeleka Shemeji dukani kumwonyesha kama mtu anayevaa nguo mpya, na njia ya karibu akaiacha makusudi ili wapite bombani.

"Huyu ndiye shemeji yangu," alitangaza. "Si mlisema Fundi hana ndugu?"

Mama Dawa akacheka. "Mimi sikusema, mwanangu. Karibu, baba."

Penye mlango wa duka alikaa mlinzi mzee waliyemwita Babu, na rungu lake, na ufunguo wa kufuli kubwa kwenye kamba kiunoni. Ufunguo mwingine alikaa nao Mama Dawa. Shemeji alimpenda Babu ghafla. Ikawa kila asubuhi anamsindikiza Mama Pacha kazini, kambebea na ndoo, kisha anakaa na mzee benchini wakipiga soga. Babu alipotaka kwenda kunawa uso bombani nyuma ya duka, Shemeji alimpokea rungu na kamba yake.

"Nenda, Babu. Hivi vyote viko mikononi salama."

Na Mama Pacha, anapiga deki pale kizingitini, alisikia na kujisikia vizuri. Alijiambia ndugu wa kweli ndiye huyu, anayewaheshimu hata wazee wa wenzake.

Asubuhi ya balaa aliukuta umati mbele ya duka kabla hajaona duka lenyewe. Kufuli lilikuwa wazi, zima, halina hata mkwaruzo, na ufunguo umo ndani yake, umekwama. Rafu alizozipanga jana zilikuwa tupu. Hata ile friji ndogo ya dawa za baridi ilikuwa imebebwa. Mama Dawa alikuwa ameketi kwenye ngazi na viatu mkononi, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya navyo.

"Duka lote, Mama Pacha," alisema. "Na nimekopa kulijaza."

Askari aliuchomoa ule ufunguo kwa koleo. Mama Dawa alitoa wake. Babu, midomo imemkauka, akafungua kamba akautoa na wake. Kwa hiyo huu ulikuwa wa tatu.

Sasa Fundi alikuwa na desturi moja ya kazi. Kila ufunguo uliotoka mkononi mwake aliukata mkato mwembamba kwa tupa, kichwani pembeni, ili ukirudishwa kwamba umekwama ajue kama ni wake au wa wale wachonga-haraka wa sokoni. Wateja walizoea kuutafuta mkato huo kwa ukucha kabla ya kulipa. Askari alipougeuza ule wa tatu na kuuliza alama hii ni ya nani, nusu ya umati ilijibu kwa pamoja, na ilijibu kwa fahari.

"Ya Fundi wetu!"

"Basi Fundi wenu kesho aje kituoni atuambie nani alimwagiza," askari alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe usiku ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na homa. Nilisinzia, siwezi kuwadanganya," Babu akasema, na kwa ukweli huo akatiwa pingu. Hakubisha. Aliomba tu mtu amshikie rungu, akamtazama Mama Pacha, naye akalipokea.

Aliondoka nalo vile vile mpaka kibandani kwa mumewe. Alikuwa ameshafika nusu ya njia alipojua kwamba anajua. Hakuna aliyemwambia, ni ile kamba ya Babu tu iliyomjia akilini, ikiwa mkononi mwa Shemeji, na mkono mwingine wa Shemeji umo mfukoni.

Fundi hakuwa anafanya kazi. Alikaa nyuma ya meza yake, funguo mbichi zisizochongwa zimening'inia juu ya kichwa chake, na alipomwona mkewe na rungu la Babu akainuka, akafunga mlango wa kibanda. Ndani hamkuwa na nafasi ya watu wawili kusimama bila kugusana.

"Ni wewe," Mama Pacha alisema.

"Ni mimi."

"Na kaka yako."

"Si kaka yangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Sina kaka. Yule tulikuwa tunavunja naye majumba ya watu. Mimi nafungua, yeye anabeba. Tukakamatwa, tukafungwa. Mimi sikumaliza kifungo, nilitoroka. Yeye amemaliza. Alinitafuta mpaka akanipata."

Mama Pacha alilishika rungu kwa mikono miwili. Nje mpiga debe aliita abiria, na mtu akagonga mlango wa kibanda akitaka nakala ya ufunguo. Wakanyamaza mpaka mtu huyo akaenda zake.

"Ungenifukuzia mtu huyu siku ile ile," akasema. "Ungesema simjui."

"Ungemwamini nani? Ulishampigia kigelegele." Kisha akaona alivyomuumiza, akashusha macho. "Aliniambia nikikataa anakwenda kituoni. Nirudishwe ndani, na miaka ya kutoroka juu yake. Akaniletea chapa ya ufunguo wa Babu kwenye kipande cha sabuni. Nikachonga."

"Ukatia na alama yako! Baba Pacha, mwizi gani anatia saini?"

Fundi aliitazama mikono yake. "Sikujua nimetia. Mkono tu. Ukimaliza ufunguo unakata, basi. Nimejua leo waliponiambia."

Laiti ingekuwa hadithi ya mtu mwingine, Mama Pacha angecheka hadi akae chini. Alimpenda mume huyu. Alipenda hata hilo, kwamba hata akiiba anaiba kwa mkono wa fundi mwaminifu. Alitaka kumpiga kwa rungu lile na alitaka kumfunika asionekane.

"Kuna njia moja," Fundi alisema, na mkewe akajua njia hiyo imetoka kwa nani. "Nitasema Babu ndiye aliyeniletea ufunguo wake nimchongee mwingine. Akasema ametumwa na Mama Dawa. Nami nilichonga bila kujua. Ila neno langu peke yangu halitoshi. Wewe huniletea chakula hapa mchana. Useme ulimkuta."

"Nimsingizie Babu?"

"Ni mzee. Hawatamweka sana, watamwonea huruma. Na yule mwenzangu ameshapata alichotaka, akisikia limekwisha ataondoka, ameapa." Alimshika bega. "Mimi nikienda, mama, kodi nani atalipa? Pacha waitwe nani shuleni? Nisaidie. Hata jina hili nililipata njiani. Sina kitu kingine duniani kisicho cha kuokota, ila ninyi."

Aliondoka bila kujibu. Lakini rungu alilisahau kibandani, na mtu anayekusudia kukataa hasahau vitu vya watu.

Kituoni walisimamishwa wote mbele ya kaunta: Fundi, Mama Pacha, Mama Dawa, na Babu aliyeletwa kutoka ndani bila mkanda, ameishikilia suruali kwa mkono mmoja. Fundi alisema yake. Alisema vizuri, bila kutikisika, na Mama Pacha alishangaa jinsi mume asiyejua kuongopa hata juu ya chumvi anavyoweza kuongea hivyo. Kisha akakumbuka kwamba alimwongopea tangu siku ya kwanza.

"Wewe mama, ulimwona huyu mzee kibandani?" askari aliuliza.

"Nilimwona."

"Akiwa na ufunguo?"

"Akiwa na ufunguo."

Mama Dawa akaziba mdomo kwa kiganja. Babu ndiye aliyezungumza, na hakupaza sauti.

"Mwanangu, hebu kumbuka vizuri. Labda ulimwona mzee mwingine. Sisi wazee tunafanana."

Alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea. Hata pale, na suruali yake mkononi, mzee alidhani binti huyu amekosea tu, na hakutaka aaibike. Mama Pacha alitazama kaunta. Palikuwa na pete ya chai, ya kikombe cha mtu, imekauka.

"Ni wewe, Babu," alisema.

Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa.

Nje, Mama Dawa alimshika mkono asimwachie. Alikuwa akilia kwa hasira na kwa shukrani, vyote kwa wakati mmoja. "Miaka yote namlisha yule mzee mlangoni kwangu! Kumbe wa kuaminiwa ni wewe peke yako." Akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo mpya unaong'aa. Alikuwa ameshanunua kufuli jingine, na ndugu mmoja wa marehemu mumewe alikuwa amekubali kumkopesha mzigo wa kuanzia. "Wa pili huu kaa nao wewe. Usimpe mtu. Na mshahara nitakuongeza, Mungu akinisimamisha."

Mama Pacha alisema hapana, mama, mimi siwezi. Mama Dawa akadhani ni unyenyekevu, akamfumbatisha vidole juu ya ufunguo kwa nguvu.

Njia ya nyumbani aliiona fupi kuliko siku zote. Alipita bombani na wanawake wakampisha kwa heshima, maana habari ilikuwa imeshafika kwamba mke wa Fundi ndiye aliyemfichua mwizi. Mmoja, yule mwenye maneno makali kuliko wote, alimwambia ndoo yake anaweza kuiweka mbele ya foleni. Hakuwa na ndoo. Aliitikia asante, akapita.

Mkoba mdogo haukuwa mlangoni kama alivyoahidiwa. Shemeji alikuwa kitini, viatu kavua, miguu kaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Pacha walikuwa mkekani na sare zao za shule, wanatafuta kokoto chini ya vikombe. Fundi, aliyetangulia kurudi, alisimama karibu na dirisha. Hakugeuka.

"Karibu, shemeji! Nasikia umepandishwa cheo," mgeni alisema. "Mji huu habari zina miguu."

"Ulisema unaondoka."

"Niondoke niende wapi? Ndugu zangu si wako hapa?" Alicheka, akanyoosha mkono wazi bila kuinuka kitini, vile vile alivyokuwa akimnyooshea Fundi akitaka sigara. "Hebu lete huo ufunguo niuone."

Mama Pacha akamtazama mumewe mgongoni. Alingoja. Alitaka neno moja tu, hata likiwa la kijinga, hata tusi. Fundi alikuna ukingo wa dirisha kwa ukucha.

"Mpe tu, mama," alisema mwishowe. "Atauangalia tu."

"Sasa hivi mimi na wewe ndio ndugu kweli, shemeji," Shemeji akaongeza, kwa upole. "Zamani nilikuwa na huyu peke yake. Lakini wewe ndiye uliyemfunga mzee. Dole gumba ni lako, si langu."

Ndipo alipouona ukubwa wa chumba chake. Kitanda nyuma ya pazia, mkeka, kiti kimoja, na mtu kwenye kiti ambaye hatainuka tena mpaka afe. Baada ya Mama Dawa patakuwa na mwingine, na baada ya huyo mwingine, na kila mara atatakiwa Babu wa kutupiwa. Aliogopa sana, lakini hofu yake ilikuwa imegeuka upande.

"Nimeuacha mkobani kwa Mama Dawa," alisema. "Nitakuja nao. Watoto, vaeni viatu."

"Watoto wa nini?"

"Wanipokee mizigo. Nanunua na sabuni."

Fundi aligeuka. "Sabuni ipo," alisema.

"Basi nanunua nyingine."

Walitazamana. Mlango ulikuwa nyuma ya Fundi hatua chache, na alikuwa na uwezo wa kusimama pale. Aliutazama mkono wa mkewe uliofumbata, akawatazama pacha wanaofunga kamba za viatu, mmoja akimfungia mwenzake. Kisha akasogea pembeni, akapisha.

Kwenye kaunta alikuwepo askari yule yule. Pacha walikaa benchini na miguu yao haikufika chini. Mama Pacha aliuweka ufunguo mpya juu ya ile pete ya chai.

"Nimekuja kurudisha maneno yangu," alisema. "Babu hakuleta ufunguo. Nilidanganya."

Askari aliweka kalamu chini, akaiokota tena. "Mama, unajua hilo ni kosa?"

"Najua."

"Unajua unaweza kulala ndani leo?"

Aliwaangalia watoto. "Najua. Kuna mtu yuko nyumbani kwangu, anajiita shemeji yangu. Yeye ndiye aliyeiba. Nendeni sasa hivi kabla hajashtuka. Na Babu mtoeni."

"Na aliyechonga?"

"Mume wangu." Alilisema haraka, kabla halijamkwama.

Askari alivuta karatasi mpya. "Jina la mume wako."

"Lipi? Alilonioa nalo, au lake?"

"Lake."

"Lake silijui."

Askari akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Huko ndani mtu alikohoa, na Mama Pacha akakijua kikohozi cha Babu. Pacha mkubwa alimwona mama yake amekwama. Shuleni walifundishwa kwamba mtu mzima akiuliza jina, mtoto husimama akajibu vizuri. Basi akateremka benchini, akanyoosha mikono ubavuni, akamsaidia. Alilitaja jina lake kwa sauti kubwa, lote kama lilivyo kwenye daftari la shule: lake, la baba yake, na la babu yake.

Askari akaandika.